Tumeandika wosia wa nyumba, na mwili je?

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu wosia niliisoma mara mbili, kisha nikaikata nikaiweka ndani ya faili langu. Mliwahimiza wasomaji wataje nani arithi nyumba, nani akusanye madeni, nani abaki na watoto wadogo. Ni kazi njema. Lakini wosia huanza kufanya kazi mtu akishakata roho. Ninaomba nafasi nizungumzie siku za kabla ya hapo, siku ambazo mtu yu hai, anapumua, moyo unadunda, ila hawezi kuamua wala kusema, na jamaa wamesimama kando ya kitanda wakiulizana wamfanyeje. Zinaweza kuwa siku mbili, zinaweza kuwa miaka. Nani anasema kwa niaba yake? Wengi tunadhani jibu linajulikana. Nami nilidhani hivyo.

Baba mkwe wangu alikuwa fundi saa. Alizifungua saa za watu kwa zaidi ya miaka 40, na hata macho yalipomchoka aliendelea kuzifungua kwa kupapasa. Ukucha wa dole gumba la kushoto aliuacha mrefu kidogo kwa makusudi, wa kubandulia mfuniko wa nyuma. Kwa kuwa hakuona tena vizuri, kumkata kucha kukawa kazi yangu. Kila baada ya wiki mbili nilimwekea beseni la maji ya uvuguvugu, akaloweka vidole, nami nikaketi kwenye kigoda mbele yake na taulo mapajani. Nikifika kwenye dole gumba alikuwa akinikumbusha kila mara: "Huo uache, mwanangu. Huo ni bisibisi yangu."

Mtu anayekatwa kucha hana pa kwenda. Huzungumza. Hapo ndipo aliponisimulia habari za kaka yake, ambaye baada ya kuumia kichwa alilala miezi 14 akilishwa kwa mpira uliopitishwa puani. Kila alipojaribu kuuchomoa alifungwa mikono kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda. Baba alikuwa akienda kumtazama na kurudi bila kusema na mtu. Akaniambia: "Mimi nikifika mahali simjui mtu na chakula hakipiti, nilowesheni midomo kwa maji, basi. Msinitie mpira. Na mikono yangu isifungwe." Maneno hayo aliniambia mara tatu ninazozikumbuka. Mara ya tatu alinishika kiganja, maji yakimdondoka vidoleni, akaniuliza, "Umesikia?" Nikamjibu, nimesikia, baba.

Kwa nini aliniambia mimi, mkwe, na wanawe watano hakuwaambia? Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa pale. Wanawe walikuja kumwamkia, akawauliza habari za safari na za wajukuu, wakacheka, wakaaga. Nani anaanzisha mazungumzo ya mpira wa puani mgeni akiwa amekaa dakika chache tu?

Kiharusi kilimpata alfajiri. Upande wa kulia wote ulilegea na usemi ukaondoka. Siku ya tatu ikaonekana kwamba hamezi, maji yanaelekea kwenye mapafu. Daktari, kijana mpole sana, akatoka na fomu ya ridhaa mkononi akauliza: "Msemaji wa mgonjwa ni nani?" Tulikuwa saba pale kwenye korido. Wanne walijibu kwa pamoja.

Sikuandika barua hii kumlaumu daktari yule. Aliuliza swali linalopaswa kuulizwa, nasi hatukuwa na jibu. Shemeji yangu mkubwa, ambaye yuko mbali na hakuweza kufika, alipigiwa simu, ikawekwa sauti ya juu ili wote tusikie. Alisema, "Fanyeni kila kitu. Kila kitu, jamani." Mume wangu alikuwa anatazama sakafu. Nikajikaza nikasema, baba aliniambia hataki mpira. Kukawa kimya. Wifi yangu, anayemfuata shemeji kwa kuzaliwa, akanigeukia: "Alikwambia lini? Mbele ya nani? Kuna karatasi?" Karatasi haikuwepo. Mwingine akaniambia kwa upole, "Wifi, haya waachie watoto wake." Fomu ikatiwa saini.

Siku ya tano aliuchomoa mpira kwa mkono wake wa kushoto, ule uliobaki na nguvu. Ukarudishwa. Akauchomoa tena. Siku ya saba nilipofika niliukuta mkono ule umezungushiwa bandeji ukawa kama mpira wa miguu, na kamba imefungwa kwenye chuma cha kitanda. Mkono wa kulia, uliopooza, ulikuwa umejikunja ngumi yenyewe, na kucha zimeanza kuuma nyama ya kiganja. Nilimwomba nesi ruhusa nizikate. Akanikubalia, akanifungulia na ule wa kushoto ili nimalize yote. Bandeji ilipotoka tu, mkono ulikwenda puani moja kwa moja.

Nikaudaka. Mhariri, ni mimi niliyeudaka, mimi niliyesema nimesikia. Niliogopa kwamba akiuchomoa mbele yangu nitaambiwa nimemuua. Akanitazama, na macho yale hayakuwa ya mtu asiyejua anachotaka. Nikamkata kucha, ule wa dole gumba nikauacha, nikaurudisha mkono kwenye bandeji. Aliishi siku 41 baada ya hapo, akafariki kwa nimonia.

Nimekaa na jambo hili kwa miaka. Shemeji na mawifi zangu hawakuwa watu wabaya. "Kila kitu" lilikuwa neno la mwana aliye mbali, ambaye njia pekee ya kumshika baba yake mkono ilikuwa ile simu. Shida ilikuwa moja tu: aliyejua hakuwa na ruhusa ya kusema, na wenye ruhusa hawakujua. Baba angeweza kuyakutanisha mambo hayo mawili kwa karatasi moja, akiwa bado mzima, pale pale mezani penye darubini yake na vibati vya skurubu. Hakuna aliyemwambia kwamba karatasi ya namna hiyo ipo. Hata mimi sikujua.

Ipo. Nilianza kuuliza na kusoma, na la kwanza nililojifunza lilinishtua. Hati ya kawaida ya uwakili, ile ambayo mtu humwandikia ndugu amsimamie biashara au amuuzie kiwanja, kwa kanuni ya sheria zilizotokana na za Kiingereza hukoma pale mwenye kuitoa anapopoteza uwezo wa kuamua. Maana yake inakufa siku ile ile unayoihitaji. Ndiyo maana nchi mbalimbali zilitunga hati ya aina nyingine, inayodumu hata akili ikiondoka, na ikaongezwa kwamba mwakilishi anaweza kushika mambo ya afya na ya mwili, mbali na fedha. Jimbo la California huko Marekani lilikuwa la kwanza nchini humo kuiwekea sheria uwakili wa afya, mwaka 1983. England na Wales wana Sheria ya Uwezo wa Akili ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika 2007. Kwa wasomaji wa Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 9, inasema kwamba mgonjwa asipoweza kutoa ridhaa mwenyewe, ridhaa yaweza kutolewa na mtu aliyepewa mamlaka hayo na mgonjwa kwa maandishi. Kwa maandishi! Nilipolisoma neno hilo nilimsikia wifi yangu akiuliza, kuna karatasi? Afrika Kusini nayo ina maneno yanayofanana na hayo katika sheria yake ya mwaka 2003, na kama hakuna aliyeandikwa, sheria yenyewe inapanga foleni: mume, mke au mwenzi, kisha mzazi, babu au bibi, mtoto mtu mzima, kaka au dada. Angalieni foleni hiyo vizuri. Mkwe hayumo. Rafiki wa miaka 30 hayumo. Kama anayekujua ni mmoja wa hao wasiomo, njia ya kumpa sauti ni kumwandika.

Na kuwa wa kwanza kwenye foleni hakutoshi pia. Huko Ufaransa alikuwepo kijana, Vincent Lambert, muuguzi kwa kazi yake, aliyepata ajali ya barabarani mwaka 2008 akiwa na miaka 32. Hakuamka tena sawasawa. Mkewe, Rachel, alisema mumewe alikwisha kumwambia kwamba asingependa kuwekwa hai katika hali ile. Wazazi wake wakasema aendelee kulishwa. Sheria ya Ufaransa tangu mwaka 2002 ilimruhusu mgonjwa kumtaja mtu wa kumwamini aseme kwa niaba yake, lakini yeye hakuwa ametaja mtu wala kuandika chochote. Kesi ilizunguka mahakama za Ufaransa, ikafika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, ikarudi, na alifariki Julai 2019. Karibu miaka 11. Muuguzi, mtu aliyewaona wagonjwa wa namna hiyo kwa macho yake! Niliposoma habari za mke yule nilijiona pale kwenye korido.

Watu wengi wanadhani uwezo wa kuamua ni kama taa, ama inawaka ama imezimwa. Sheria ile ya England inauliza mambo manne, na kila mara kuhusu uamuzi mmoja mahususi: je, mtu huyu anaelewa maelezo anayopewa? Anaweza kuyashika kichwani kwa muda wa kuamua? Anaweza kuyapima, hili na lile? Anaweza kueleza jibu lake kwa njia yoyote? Anayeshindwa kuamua kuhusu upasuaji wa kichwa anaweza bado kuamua nani amtembelee na avae shati lipi. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anaweza kuwa safi asubuhi na kuchanganyikiwa jioni, basi aulizwe asubuhi. Na kutosema si kutoelewa. Kiharusi kinaweza kuufunga ulimi wa mtu na kumwachia fahamu zake. Baba mkwe wangu hakuna aliyekaa naye akamwambia, baba, kama ndiyo nibane vidole mara moja, kama hapana mara mbili. Sijui tungepata jibu gani, ila nalia kwamba hatukuuliza, na mimi nilikuwa nimeshika vidole vyenyewe.

Kwa hiyo msemaji uliyemteua hakunyang'anyi neno. Mambo ya afya hayashiki mpaka wewe ushindwe, na kwa yale unayoyaweza bado ni wewe. Unaweza kuifuta hati wakati wowote ukiwa na akili timamu. Unaweza kuweka mipaka: huyu aamue matibabu, lakini mahali pa kuishi mpaka ashauriane na fulani. Katika hati ya England, mamlaka ya kukataa matibabu yanayomweka mtu hai hayapo mpaka uyatoe waziwazi ndani ya hati. Mashahidi wanatakiwa, na masharti ya nani anaweza kuwa shahidi yanatofautiana kati ya nchi na nchi, kwa hiyo hapo mwone wakili au ofisi ya msaada wa sheria. Usinakili hati ya nchi nyingine kutoka kwenye intaneti.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu mazungumzo haya yakianza watu hurukia mashine ya kupumulia, kana kwamba mambo ya mgonjwa ni mashine tu. Siku zile za mwisho za baba zilikuwa na uamuzi mmoja wa mpira, na mamia ya maamuzi madogo ambayo pia hayakuwa na mwenyewe. Mmoja wetu, kwa mapenzi mema, alimwekea redio sikioni ikaimba mchana kutwa. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote katika ukimya, akisikiliza mlio wa gurudumu dogo kuliko punje ya mchele! Binti zake walimwogesha wenyewe kwa sababu walimpenda, naye kila walipomvua aligeuza uso ukutani. Wageni waliingia kumi kumi. Wengine waliomba kwa sauti, wengine walipiga picha. Nani amwogeshe, nani aingie, asikie nini, alale chumba kipi, apelekwe kwa nani akitoka hospitali, nywele zake, ibada yake. Huko ndiko heshima ya mtu inakoishi, na huko kote msemaji aliyeandikwa anaweza kusema: hapana, yeye hapendi hivi.

Nilipoanza kuwaeleza watu, jibu la kwanza lilikuwa lile lile: usijichulie. Namwelewa anayesema hivyo, maana hofu yake ni ya kweli. Ila hati hii haisubiri. Inakubalika ikiwa umeitia saini ukiwa na akili timamu, na mlango ule ukifungwa haufunguki. Ukishapoteza uwezo, jamaa zako watabaki na foleni ya sheria, au watakwenda mahakamani hakimu awachagulie mtu. Anayesema ngoja kwanza naye amekwisha kuamua: amewaachia wengine.

La pili waliloniambia ni zito zaidi. Je, nikimpa mtu mamlaka juu ya mwili wangu akayatumia vibaya, kwa mfano akitaka nife haraka arithi? Hofu hiyo siipuuzi. Nimechagua kutenganisha: anayeshika fedha zangu ni mume wangu, anayeshika mambo ya mwili ni mtu mwingine, na wa pili hana cha kurithi kwangu. Nimeandika pia msemaji wa akiba, wa kwanza akifa au akishindwa. Sikuwaweka wawili waamue kwa pamoja, kwa sababu nimeona korido yenye watu wanne wanaojibu kwa pamoja. Na nakala za hati sikuzificha. Iko kwa wote wawili, iko kwenye faili langu la kliniki, na ndugu zangu wote wameisoma, hata wasioipenda. Asiyeipenda aseme leo, mimi nikiwepo wa kumjibu.

Kuna jambo jingine la ukweli ambalo ningeweza kulinyamazia ili barua yangu ipendeze. Mwaka 2006 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti 16 zilizowauliza wasemaji wa wagonjwa wangechagua nini kwa niaba ya wagonjwa wao, majibu yakalinganishwa na ya wagonjwa wenyewe. Walipatia kama mara 68 katika 100. Wale walioteuliwa na mgonjwa mwenyewe hawakuwashinda wengine kwa kukisia, na hata kuwahi kuzungumza naye kuhusu matibabu hakukuonekana kuongeza kitu. Nilipolisoma hilo niliweka kalamu chini siku mbili. Kisha nikajiuliza, mimi na baba tulizungumza nini hasa? Hakunipa orodha ya magonjwa na dawa. Aliniambia habari za mikono yake. Kukisia ungechagua dawa gani ni kazi ngumu hata kwa mwenzi wako. Kujua kitu gani kikiondoka huwezi kukivumilia, hicho tunaweza kuambiana. Na bado msemaji wako atakosea pengine, kwa hiyo nimemwandikia wangu kwamba akiamua kwa nia njema nimemsamehe tangu sasa.

Sasa nimchague nani? Sikumchagua mume wangu, na nilimwambia uso kwa uso kabla ya kuandika. Ananipenda, na siku ile kwenye korido alitazama sakafu. Hakosi mapenzi, anakosa uwezo wa kusimama mbele ya ndugu zake na kusema neno wasilolitaka. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Ni kweli." Watu humwandika kifungua mimba kwa sababu ni kifungua mimba, au anayelia zaidi, au aliyesoma zaidi. Mimi nilitafuta mtu anayeweza kulishika neno langu hata kama moyo wake unataka jingine, anayepokea simu usiku, na asiyeogopa kumwambia daktari, samahani, nieleze tena sijaelewa.

Nilimchagua wifi yangu. Yule yule aliyeniuliza, kuna karatasi?

Miezi michache baada ya mazishi alikuja kwangu, akakaa kwenye kile kigoda. Aliniambia, "Ungekuwa na karatasi siku ile, ningeipigania mbele ya kaka na mbele ya daktari. Sikuweza kupigania maneno niliyoyasikia kwako tu." Nilimwamini, kwa sababu ndivyo alivyo katika kila jambo. Kwa hiyo nilipokuwa tayari nilimpelekea karatasi.

Kabla sijafika mwisho wa kisa hicho, nina ombi moja kwa wenye hospitali na zahanati wanaosoma gazeti hili. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Nancy Cruzan, binti aliyeumia kwenye ajali ya gari mwaka 1983, ambaye wazazi wake walitaka mpira wa kumlishia uondolewe. Mahakama ilisema jimbo la Missouri lina haki ya kudai ushahidi ulio wazi wa matakwa yake mwenyewe, na yeye alikuwa ameyasema kwa mdomo tu. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria inayozitaka hospitali zinazolipwa na bima za serikali kuu ya huko zimweleze kila mtu mzima anayelazwa haki yake ya kuandika matakwa na kumtaja msemaji, na kuandika kwenye faili kama tayari anayo hati. Hatuhitaji kungoja bunge lolote kwa hilo. Fomu ya kulazwa ina mstari wa jina, umri, dini na ndugu wa karibu. Ongezeni mstari mmoja: ukishindwa kusema, nani aseme? Mwulizeni mgonjwa mwenyewe, akiwa bado anajibu, anayeletwa na kidole kilichovunjika na anayeletwa na kifua. Ndugu wa karibu ni wa kupigiwa simu. Msemaji ni mtu mwingine, na mara nyingi si yule yule.

Wifi yangu aliisoma hati yangu mara mbili, taratibu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Nilikuwa nimeandika kwamba nikifika mahali simtambui mtu na hakuna tumaini la kurudi, nisitibiwe kitu kingine zaidi ya kutulizwa maumivu. Nilidhani nimemaliza. Akaiweka chini akaniuliza:

"Na ukiwa hunijui, lakini unatabasamu? Umekaa kivulini, unashikashika kitambaa, unafurahi tu. Ukapata nimonia. Nikuache?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemfikiria baba tu, kitanda chake na bandeji yake, sikuwaza kwamba mimi naweza kupotelewa na majina ya watu nikabaki na furaha. Nilimwambia anirudishie karatasi. Nilikaa nayo wiki tatu. Nilimuuliza mume wangu, nikamuuliza na daktari wa kliniki, nikakaa peke yangu na beseni la maji nikijikata kucha. Kisha nikaandika upya mbele ya mashahidi, na wifi akasoma tena, na safari hii akatia saini yake chini ya yangu bila kuuliza kitu. Sehemu ile sasa inasomeka hivi: "Nikiwa natabasamu, nitibu, hata kama sikujui. Siku tabasamu likiondoka lisirudi, nilowesheni midomo. Na mkono wangu ukienda puani, msiufunge."

Wenu,
Mkwe wa fundi saa